Askari wa mguu mmoja na mchezo wa gofu: jambo linalotuhusu sisi wa Nyangezi



Siku moja ya Mungu, baada ya ibada, nilikuwa mlangoni nikisalimia watu wanaotoka. Wa mwisho, kama kawaida, alikuwa ndugu mmoja aliyekuwa askari zamani. Mguu wake wa kulia ulikatwa juu kidogo ya goti, naye hutembea kwa magongo mawili ya mbao. Hukaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango kwa sababu, anavyosema, hapendi kusumbua watu. Nilimshika mkono nikamwambia lile neno ambalo sisi wachungaji hulisema haraka: "Tunakuombea, Papa."

Akanijibu pole pole: "Pasta, muko munaniombea kila siku ya Mungu. Lakini hata siku moja hamujaniuliza niko naweza kufanya nini."

Nilirudi nyumbani bila jibu. Jioni nilifungua daftari la mashemasi. Jina lake lilikuwa katika ukurasa wa wahitaji, pamoja na wajane na yatima: maharagi, sabuni, nguo wakati wa Noeli. Lilikuwa hapo kwa miaka mitatu. Katika ukurasa wa wanaotumika kanisani, yaani walimu wa watoto, waimbaji, wapokeaji wa wageni, hata watunzaji wa uwanja, halikuwamo. Na aliyeandika kurasa zile mbili ni mimi.

Neno lile lilinifanya nianze kusoma juu ya askari waliorudi kutoka vitani bila mkono au mguu, na juu ya kilichowasaidia kuishi tena. Sikutazamia kwamba masomo hayo yangenipeleka kwenye mchezo wa gofu, mchezo ambao mimi mwenyewe niliuhesabu kuwa wa matajiri wasio na la kufanya.

Wengi wetu tumeuona kwenye televisheni tu. Kinshasa na Lubumbashi kuna viwanja vyake tangu wakati wa Wabelgiji, na Kigali kuna kimoja kule Nyarutarama. Mchezaji anapiga kampira kadogo kwa fimbo ndefu mpaka kaingie katika kashimo kaliko mbali, mara nyingine mita 400 au zaidi. Kisha anakwenda kwenye shimo la pili, na la tatu, mpaka 18. Mwenye mapigo machache ndiye mshindi. Kiwanja kizima huhitaji hekta 50 au zaidi. Hapa kwetu, ambapo ndugu wa tumbo moja wanaburutana mpaka kwa mwami kwa ajili ya mistari miwili ya mihogo, mtu akiomba hekta 50 za kuchezea kampira tutamwombea akili zake zirudi. Kwa hiyo siandiki ili tutafute kiwanja.

Naandika kwa sababu ya mtu mmoja aliyeitwa Ernest Jones. Alikuwa Mwingereza, mwalimu wa gofu karibu na London, na hiyo ndiyo ilikuwa kazi iliyomlisha. Vita ya kwanza ya dunia ilipokuja akaingia jeshini. Mwaka 1916, karibu na Loos, kaskazini ya Ufaransa, alijeruhiwa, na waganga wakamkata mguu wa kulia chini ya goti. Alikuwa bado hajafika miaka 30. Fikiri juu ya mwalimu wa gofu asiye na mguu wa kulia. Wakati ule waalimu wengi walifundisha kwamba nguvu ya pigo inatoka miguuni: simama hivi, geuza goti hivi, hamisha uzito kutoka mguu huu kwenda mguu ule. Kwa mafundisho hayo, Jones alikuwa amekwisha.

Miezi michache baada ya kukatwa mguu, alikwenda kwenye kiwanja cha Royal Norwich na magongo yake. Alitembea kwa magongo kati ya pigo na pigo, akasimama kwa mguu mmoja kupiga. Alimaliza mashimo 18 kwa mapigo 83. Kwa asiyejua hesabu hizo: wachezaji wengi wenye miguu miwili, wanaocheza kila juma kwa miaka mingi, hawajawahi kushuka chini ya 90.

Hapo ndipo ningeweza kumaliza, nikasema tazama ujasiri wa mtu huyu, tusifu. Lakini sehemu hiyo hainigusi sana. Habari za mlemavu shujaa tunazipenda kwa sababu hazitudai kitu; tunapiga makofi, tunarudi nyumbani. Kilichonigusa ni swali alilojiuliza Jones baada ya siku ile. Ikiwa mguu ndio chanzo cha pigo, mimi nimepigaje? Akaanza kuchunguza. Akagundua kwamba waalimu, na yeye mmoja wao, walikuwa wakifundisha viungo kimoja kimoja, goti, nyonga, bega, kichwa, na kumbe kazi yote iko katika kichwa cha fimbo na mikono inayokibembeza. Mikono ikibembeza fimbo vizuri, mwili uliobaki unafuata wenyewe na kutafuta mizani yake, hata kama umepungua.

Alikuwa na njia rahisi ya kuonyesha jambo hili. Alifunga kisu kidogo cha mfukoni kwenye pembe ya kitambaa, akashika pembe ya pili, akakibembeza. Jaribu leo nyumbani kwa ufunguo na leso. Ukibembeza taratibu, kitambaa kinanyooka na ufunguo unakwenda na kurudi kwa nguvu. Ukitaka kuusukuma kwa haraka, kitambaa kinalegea na nguvu inapotea. Watoto wetu wanaochunga mbuzi kwenye vilima wanajua hili bila mwalimu, kwa kuwa kombeo ni hivyo hivyo: jiwe husukumwi, unalizungusha kisha unaliacha liende. Nadhani hata Daudi angemwelewa Jones kabla hajamaliza kueleza.

Baadaye Jones alihamia Marekani, akafundisha huko miaka mingi, tena ndani ya nyumba mjini New York, mahali pasipo hata na majani. Virginia Van Wie, aliyekuwa bingwa wa wanawake wa Marekani mara tatu mfululizo, 1932 mpaka 1934, alikuwa mwanafunzi wake. Mwaka 1937 alitoa kitabu cha mafundisho yake. Watu wenye miguu miwili walilipa wapate kufundishwa na mwenye mmoja, na hawakufanya hivyo kwa huruma. Alikuwa amejua kitu wasichokijua, na alikijua kwa sababu mguu ulikuwa umeondoka.

Hapo niliweka kitabu chini nikamkumbuka ndugu yetu wa benchi la nyuma. Miaka mitatu tumemuuliza anakosa nini. Hatukuwahi kumuuliza anajua nini.

Kuna neno katika gofu ambalo lilinifanya nicheke peke yangu. Hapa Bukavu na vijijini kwetu mtu aliyekatwa mguu tunamwita "andikape", neno la Kifaransa, na tunalitamka kwa sauti ya chini kama vile ni ugonjwa wa kuambukiza. Katika gofu, andikap ni hesabu ya kila mchezaji. Mchezaji dhaifu anapewa mapigo ya kuongezea, tuseme 20. Aliye hodari zaidi anapewa 4. Kisha wanacheza pamoja, na mshindi anahesabiwa baada ya kuondoa mapigo hayo. Kila mtu anayo andikap yake, imeandikwa wazi, wala hakuna anayeona haya kuitaja. Ni kwa sababu ya hesabu hiyo kwamba mzee na kijana, mpya na mzoefu, wanaweza kwenda kiwanja kimoja siku moja na mchezo ukawa wa kweli kwa wote wawili. Mwingereza Douglas Bader, rubani aliyepoteza miguu yote miwili katika ajali ya ndege Desemba 1931, alijifunza gofu kwa miguu ya bandia. Mwanzoni alikuwa akipiga na kuanguka, akipiga na kuanguka. Mwishowe andikap yake ilifika 4, kiasi ambacho wengi wenye miguu hawakiota. Alirudi kuwa rubani katika vita ya pili, akatekwa mwaka 1941, na baada ya vita alitumia miaka yake mingi kwa ajili ya walemavu wengine.

Sasa niseme kidogo jinsi mchezo kama huu unavyosaidia mwili, kwa sababu baadhi yetu tunafikiri michezo ni ya watoto. Katika gofu mpira umetulia, unakungoja. Hakuna anayekusukuma wala kukunyang'anya. Mtu aliyekatwa mguu anapata nafasi ya kutafuta mizani, kusimama, kujaribu, kukosea, kujaribu tena. Anatembea mbali bila kufikiri kwamba ni mazoezi ya hospitali. Anakuwa na watu saa nne au tano, na hakuna anayemkazia macho kwa sababu wote wanatazama mpira. Marekani, karibu na Tacoma katika jimbo la Washington, kuna kiwanja kiitwacho American Lake kilichotengwa kwa ajili ya askari wa zamani, hasa waliojeruhiwa. Njia zake zimesawazishwa ili kiti cha magurudumu kipite. Bingwa Jack Nicklaus alichora mashimo tisa ya nyongeza bila kudai malipo, na kazi nyingi za pale hufanywa na watu wanaojitolea.

Nataka kusimama pia kwenye jambo la maumivu, maana hapa makanisa yetu yamekosea. Ndugu yetu aliniambia kwamba usiku anasikia vidole vya mguu usiokuwapo vinauma, kama vile vinabanwa. Alipowaambia watu wa kikundi kimoja cha maombi, walimwekea mikono usiku kucha kutoa pepo wa mguu. Asubuhi aliambiwa hana imani. Wapendwa, maumivu haya yanajulikana tangu zamani. Ambroise Paré, mganga wa majeshi ya Ufaransa katika karne ya 16, aliyaandika kutoka kwa askari aliowakata viungo. Mmarekani Silas Weir Mitchell, aliyetibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, aliyaeleza kwa urefu na kuyapa jina lake la kitaalamu. Ubongo una mahali pake pa kila kiungo. Mguu ukiondoka, mahali pale panabaki, na mishipa ya fahamu iliyokatwa inaendelea kupeleka habari. Si pepo, na wala si uwongo wa mgonjwa. Mtu mwenye maumivu hayo apelekwe kwa wanaojua, kama kituo cha Heri Kwetu pale Bukavu, ambacho kimeshughulika na walemavu na miguu ya bandia kwa miaka mingi. Kuomba tuombe, lakini tusimwite mtu mwenye pepo kwa sababu tu hatujasoma.

Sasa nirudi karibu na nyumbani. Mfano wa karibu ninaoujua vizuri si wa gofu, na uko ng'ambo ya Ruzizi. Najua kwamba kumtaja jirani huyo hapa kwetu leo ni jambo gumu, na kuna msomaji atakayetaka kufunga ukurasa. Namwomba avumilie kidogo. Sitoi mfano huu kusifu serikali wala jeshi lolote. Dominique Bizimana na Jean Rukundo walikuwa askari wa pande mbili zilizopigana katika vita ya Rwanda, mmoja upande wa waasi, mwingine upande wa jeshi la serikali ya wakati ule. Kila mmoja alipoteza mguu. Baadaye walikutana katika voliboli ya kukaa chini, wakawa timu moja na marafiki, na mwaka 2012 timu ya Rwanda ilikwenda kwenye michezo ya walemavu ya London, ya kwanza ya voliboli hiyo kutoka Afrika kusini ya Sahara. Watu wawili ambao kila mmoja angemuua mwenzake kama wangekutana mapema wakawa wanapasiana mpira.

Voliboli ya kukaa ilianza Uholanzi mwaka 1956. Kiwanja chake ni mita 10 kwa 6. Wavu wa wanaume uko kwenye mita 1 na sentimita 15, wa wanawake sentimita 10 chini ya hapo. Wachezaji ni sita kila upande, na sharti kubwa ni kwamba unapogusa mpira usiinue makalio kutoka chini. Basi. Haihitaji hekta 50. Inahitaji kamba, mpira na mahali pasipo mawe.

Nilipomwonyesha ndugu yetu picha zake kwenye simu alitazama muda mrefu, kisha akauliza kamba iko wapi. Jumamosi iliyofuata tulifunga kamba ya mbuzi kwenye miti miwili ya mikaratusi nyuma ya chumba cha shule ya Jumapili. Walikuja yeye, fundi mmoja wa cherehani aliyepatwa na polio utotoni, dada mmoja mwenye tatizo hilo hilo, na vijana wa kwaya niliowalazimisha kidogo. Vijana walikuja na sura ya kusaidia. Baada ya dakika kumi sura ile ilikwisha. Hawakujua waiweke wapi miguu yao. Iliwazuia, ikagongana, walikawia kila mpira. Yule askari alikuwa anajisukuma kwa mikono kama samaki, na alikuwa akiwapigia kelele: "Mikono kwanza! Mikono kwanza, kisha mpira!" Walishindwa seti zote. Jumamosi ya pili walirudi bila kulazimishwa, wakitaka wafundishwe. Ana daftari lake sasa, anaandika nani amekuja na nani amekosa, na anayechelewa anamweleza mbele ya wote.

Nimehubiri mara nyingi juu ya Mefiboshethi, mjukuu wa Sauli aliyelemaa miguu yote miwili, ambaye Daudi alimketisha mezani pake. Sasa naisoma habari ile kwa wasiwasi kidogo. Meza ilikuwa neema kubwa kwa mtu wa nyumba iliyoshindwa vitani. Lakini mashamba yake yalilimwa na Siba na wanawe. Sisi pia tumekuwa hodari wa kuwaita watu mezani, halafu tukawapa wengine mashamba yao.

Lakini nisiwaache mkifikiri kwamba kila mtu hapa Nyangezi amefurahi. Juma la tatu alinijia mama mmoja wa kanisa letu, mjane. Watu wenye sare waliingia kwake usiku miaka iliyopita, wakachukua mbuzi wote, na mume wake hakurudi. Haisemwi kwamba ndugu yetu alikuwamo. Alikuwa kwingine kabisa. Lakini sare ni sare. Alisimama mlangoni, hakutaka kiti. "Pasta," akasema, "huyu munamupatia mupira. Sisi munatupatia nini?"

Sikuwa na jibu kwake pia. Nilitaka kumwambia juu ya msamaha, na namshukuru Mungu kwamba nilinyamaza, maana ingekuwa tena lile neno la haraka la mlangoni. Nadhani ana haki. Kumrudishia askari kazi na jina bila kusikiliza walioumizwa na askari ni kufanya nusu ya kazi. Na kuna jambo jingine ambalo ndugu yetu mwenyewe aliniambia baadaye, tukiwa wawili, kwamba si yote aliyoyafanya akiwa na silaha anayoweza kuyaeleza mbele ya watu. Mchezo haukufuta hayo. Umempa tu nguvu ya kuanza kuyasema.

Mjukuu wa yule mama anacheza kila Jumamosi. Bibi yake hamkatazi. Humfuata jioni, anasimama kando ya barabara bila kuvuka mfereji, anamwita kwa jina, wanaondoka.

Wazee wa kanisa wameweka swali lake la kwanza katika kikao cha mwezi ujao, kabla ya ombi la mpira wa pili, na yeye amekubali kuja kulisema mwenyewe. Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tunafungua kamba, ndugu yetu aliniuliza kama naye anaruhusiwa kuwapo.